Unga Chini ya Soketi

Kila Jumamosi Philomena huamka kabla sijamwita. Hufagia uwanja, huchota ndoo mbili za maji kwa jirani, huosha vyombo, kisha hukaa kizingitini na kikombe chake cha uji, macho barabarani. Akimaliza huniuliza kama imebaki kazi yoyote. Siku nyingine za wiki haulizi hivyo. Jumamosi ana haraka ya kwenda dukani kwa Mama Jabiri, na anajua nikikuta kazi imelala hatoki.

Mama Jabiri, ambaye jina lake ni Mwanamisi, ana duka la vifaa vya shule karibu na ghala la pamba, hapa hapa Bariadi mjini. Huuza madaftari na kalamu, hutoa kopi, hupiga picha za paspoti na huwachapia watu barua. Ana kompyuta nne, zote alizinunua zikiwa zimeshatumika na wengine. Ikifika saa nane mchana wa Jumamosi huacha kuchapa, na watoto wanne waliomsaidia kufagia na kupanga karatasi huruhusiwa kucheza kwa saa moja. Watoto hao ni Jabiri mwanawe, Zamda anayekaa nyumba ya pili, mjukuu wangu Philomena, na Limbu.

Mchezo wenyewe ni wa kuwindana kwa bunduki ndani ya jumba lenye vyumba vingi na mapipa. Kompyuta zimeunganishwa kwa waya, hivyo wote wanne wamo ndani ya jumba moja. Anayepigwa huanguka, hutoweka, na hukaa akitazama wenzake mpaka abaki mtu mmoja. Niliposikia habari za bunduki sikuridhika. Nilikwenda mwenyewe nikasimama nyuma yao. Sikuona damu, niliona vijitu vinavyokimbia na kulala chini. Hata hivyo nilimwambia Mama Jabiri kwamba saa moja iwe saa moja kweli, naye akanionyesha saa ya ukutani.

Limbu ndiye aliyezipa kompyuta majina. Alitoka Lalago mwaka huu kuja kusoma darasa la sita, anakaa kwa shangazi yake Justina, na amekua akichunga ng'ombe. Ya dirishani, iliyo na nguvu kuliko zote, aliiita Dume. Mbili za upande wa pili ni Maksai na Mtamba. Ya nne, ambayo kibodi yake imepoteza herufi mbili na kipanya chake kimefungwa kwa utepe wa gundi, aliiita Kikongwe. Ukicheza kwa Kikongwe, picha haitembei, inaruka. Unamwona adui mlangoni, ukifumba jicho ameshafika nyuma yako.

Philomena aliwahi kufika kuliko wote, kwa hiyo Dume alikuwa wake. Limbu alifika wa mwisho, maana shangazi yake alimpa kazi ya kukata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe, basi akabaki na Kikongwe. Alikuwa pia mchezaji dhaifu kuliko wote. Hakuwahi kushika kipanya kabla ya kuja mjini. Alizunguka mpaka akawa anatazama dari, halafu akalimiminia dari risasi. Jabiri alimwuliza siku moja dari limemkosea nini, na Limbu akajibu kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma kingi kwamba anaua popo kwanza. Walicheka wote. Shuleni walimcheka kwa usemi wake mpaka akanyamaza siku nzima, lakini dukani kwa Mama Jabiri alicheka pamoja nao. Ndipo mahali pekee mjini alipozoewa.

Msimu wa kununua pamba ulipoanza, malori yalipita mbele ya duka kutwa, na vumbi pamoja na nyuzi nyeupe za pamba vikaingia dirishani. Philomena alihurumia kompyuta yake. Aliniomba nimshonee Dume nguo. Nilichukua kitenge cha zamani nikashona kifuniko kizuri, chenye nafasi ya kubonyezea mbele tu. Nikatengeneza na mto mnene, nikaujaza pamba ya shambani kwetu, ili sanduku lile la kompyuta lisikae kwenye saruji yenye vumbi. Mama Jabiri alisifu mshono. Dume akakalishwa juu ya mto wake, amevaa, karibu na miguu ya mchezaji.

Jumamosi iliyofuata Philomena alirudi nyumbani uso umekunjamana. Aliniambia kwamba walibaki wawili tu ndani ya jumba, yeye na Limbu. Limbu kama kawaida alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa, kwa sababu alipotea na hakujua njia ya kutokea. Philomena alipomkaribia kummaliza, Dume akazimika. Limbu akahesabiwa mshindi.

Nilimwambia kompyuta ni kitu, hata redio yangu huzimika. Akaendelea kunisimulia. Raundi ya pili alipumzika na kutazama, ya tatu akaiwasha tena, ikazimika tena karibu na mwisho, na safari hii pia aliyebaki naye alikuwa Limbu.

"Bibi, mbona haizimiki nikibaki na Zamda?" aliniuliza. "Mbona kila mara ni Limbu?"

Nilimwona akilitafakari jambo hilo wiki nzima. Kikongwe amekaa pembeni ya Dume, na soketi ya umeme iko chini, katikati ya meza hizo mbili. Limbu ana miguu mirefu. Philomena alianza kumtazama hata shuleni: anavyofungua begi, anavyonong'ona na Zamda, anavyotabasamu bila sababu. Mtu ukishamtilia shaka, hata anavyokunywa maji utaona anaficha kitu.

Jumamosi ya pili nilikwenda kusonga ugali nikakuta unga umepungua kwenye debe. Mimi huusawazisha juu kwa kiganja, kwa hiyo nikiona shimo najua kuna mkono mwingine umeingia. Nilidhani ni kuku. Kumbe mjukuu wangu alikuwa amejaza kikopo, akakitia kwenye mfuko wa sketi. Alifika dukani kabla ya wenzake, akajifanya anafagia chini ya meza, akanyunyiza unga mwembamba kuizunguka soketi. Hakumwambia mtu.

Walicheza. Wakati raundi ya tatu inakaribia mwisho, amebaki yeye na Limbu, Dume akazimika.

Philomena aliruka kutoka kitini, akapiga magoti chini ya meza. Kwenye unga kulikuwa na alama ya ndala, kubwa, imekanyaga karibu kabisa na soketi. Akaivuta ndala ya Limbu mguuni mwake mbele ya wote. Soli yake ilikuwa nyeupe.

Mama Jabiri aliitwa kutoka mbele ya duka, akiwa bado na karatasi za mteja mkononi. Philomena akamweleza yote: unga, ndala, na mara zile zote kompyuta ilipozimika. Zamda alisema kwamba hata yeye alishaanza kushangaa. Jabiri alitazama tu ile ndala.

"Miguu yangu inafika pale kila siku," Limbu alisema. "Sijagusa waya."

"Basi nani amegusa, popo wako wa darini?" Philomena akamwuliza.

Limbu alisimama akaonyesha kioo cha Dume.

"Angalia taa ya kioo, bado inawaka. Kioo na Dume viko kwenye soketi moja. Ningegusa, vingezimika vyote viwili."

Taa ile ilikuwa inawaka kweli, ndogo, ya rangi ya chungwa. Philomena aliiona. Lakini ndala alikuwa nayo mkononi, na ndala ilimtosha. Mama Jabiri alikuwa na mteja anayesubiri. Alimwambia Limbu kwa upole kwamba apumzike kuja mpaka jambo lichunguzwe. Limbu alivaa ndala yake akaondoka, akiacha nyayo nyeupe mpaka mlangoni.

Habari haikukaa dukani. Jumatatu ilikuwa imeshafika darasani kwamba mtoto wa Lalago anaharibu kompyuta za watu.

Jumamosi ya tatu Philomena alikwenda, akacheza, akarudi. Nilimngojea anisimulie alivyoshinda, maana husimulia mpaka namwomba anyamaze. Siku hiyo alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja alioufagia asubuhi. Nilimwita kwa utani wetu.

"Mke mwenzangu, leo umeshinda au umeshindwa?"

Alisema ameshinda. Akainama akaendelea kufagia pale pale. Nikajua kuna kitu, ila sikumvuta. Mtoto ukimvuta sana atakupa uongo ili umwachie. Nilichambua dagaa wangu taratibu, nikawa namwangalia kwa pembeni. Sasa mwenye shaka nilikuwa mimi.

Jumanne Justina alipita kwetu akitoka sokoni. Tulisalimiana kwa Kisukuma, akaniambia, "Mwadila, mayu," nami nikamwitikia. Hakukaa kwenye kigoda nilichomsogezea. Alisema hakuja kugombana. Alikuja kuniarifu kwamba Jumapili Limbu anarudishwa Lalago. Baba yake amesikia kwamba mtoto ameharibu mali ya watu mjini, amesema bora arudi kwenye ng'ombe. Shule itatazamwa mwakani, ikiwezekana.

Philomena alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Haikuanguka, lakini aliishika kama mtu anayeogopa itaanguka. Justina alipokwisha kwenda, alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Bibi, Jumamosi ilizimika tena."

"Limbu alikuwepo?"

"Hakuwepo. Kiti chake kilikuwa kitupu."

"Nani mwingine aliona?"

Akasema hakuna. Jabiri na Zamda walikuwa wameshapigwa, wametoka kununua karanga, naye akabaki akizungukazunguka ndani ya jumba. Dume alipozimika alikuwa peke yake. Alibonyeza akaiwasha haraka, na waliporudi akajifanya hakuna kilichotokea. Aliogopa watamwuliza kwa nini alimvua mwenzake ndala. Alidhani akinyamaza kidogo jambo litapita lenyewe.

Sikumpiga wala sikumfokea. Nilimwambia avae viatu.

Dukani nilimwacha aseme yeye. Alianza vibaya, akazunguka, akazungumzia kwanza vumbi na malori, halafu akafika. Mama Jabiri alimsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia neno. Kisha akafunga mlango wa mbele, akatafuta bisibisi kwenye droo, akasema kama si mguu basi ni kitu kingine, na leo tutakiona. Kwanza alimwambia Jabiri awashe Dume, acheze peke yake kwa nguvu kama siku ya Jumamosi. Sisi tukakaa tukatazama. Ilipita kama nusu saa. Dume akaanza kuvuma kama nyuki, kijitu cha Jabiri kikaanza kurukaruka kama kimepanda Kikongwe, na kioo kikawa cheusi. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ilibaki inawaka.

Niliinama nikaingiza mkono chini ya kitenge. Nikautoa upesi. Palikuwa na moto kama chini ya kuku anayelalia mayai, na kupita hapo. Nilipobonyeza mto, nao ulikuwa wa moto, umedidimia, umeziba matundu yote ya chini ya lile sanduku.

Mama Jabiri alivua kifuniko, akafungua skrubu nne, akaondoa ubavu wa sanduku. Ndani kuna feni ndogo, kipenyo chake kama kifuniko cha chupa ya chai, kazi yake kuipooza kompyuta. Haikuonekana. Kilichoonekana ni donge la pamba na vumbi, limejisokota kwenye mapanga yake kama uzi kwenye pia ya kuchezea. Nyingine ilikuwa pamba ya malori iliyoingia dirishani. Nyingine niliitambua kwa weupe wake: ilivuja kwenye mshono wa mto wangu, na feni ikawa inaivuta kila siku.

Jabiri aliuliza kwa nini basi haikuzimika mama yake alipochapa barua. Mama yake akamweleza kwamba kuchapa ni kazi nyepesi, lakini mchezo ule huikimbiza kompyuta kama maksai anayelimishwa saa sita ya jua. Mwanzoni mwa mchezo bado imepoa. Inazimika mwishoni, ikishachemka.

"Na mwishoni anabaki nani?" nikauliza.

Philomena alijibu polepole. Anabaki yeye, kwa sababu ana Dume, na anabaki Limbu, kwa sababu amepotea nyuma ya mapipa.

Mimi nilikuwa na la kwangu, nikalisema, maana watoto walikuwa wanasikia. Niliwaambia mto ule niliushona mimi, na nilijivunia. Hakuna aliyeniuliza kama kompyuta inahitaji mto, wala mimi sikumwuliza mtu. Tumezoea hapa kwamba kitu chema hulazwa kwenye pamba. Kumbe hiki kinataka kupumua. Kosa la kompyuta ni langu.

"Lakini kosa alilotendewa Limbu si la kompyuta," Mama Jabiri akasema, akimtazama Philomena. Halafu akaongeza kwamba hata yeye anamdai Limbu msamaha, maana mtoto alimwonyesha taa naye akageukia mteja.

Hapo Jabiri alimsahihisha mama yake, kwamba si anamdai, ni anadaiwa. Alicheka mwenyewe, akaona hakuna anayecheka, akaacha.

Tulikwenda kwa Justina jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya mabati, tukawapitia Zamda na wengine wawili wa darasani ambao Philomena aliwapa habari ile. Hilo nililitaka mimi. Maneno yalisemwa mbele ya watu, na yarudi mbele ya watu. Nilibeba kibaba cha unga kwenye bakuli, cha kumwomba Justina radhi. Limbu alikuwa uani, amekaa kwenye kigunia, anakata viazi vitamu vya michembe, vipande vyembamba vilivyolingana. Begi lake la shule lilikuwa limetundikwa ukutani, tupu. Sare zake zilikuwa zimeshafuliwa na kukunjwa.

Philomena alisimama mbele yake. Nilidhani atalia kwanza ili ahurumiwe, ila hakulia.

"Limbu, hukugusa waya. Dume alizimika kwa joto. Jumamosi ulipokuwa hupo alizimika tena, nikaficha. Taa uliyonionyesha niliiona siku ile ile."

Limbu aliendelea kukata kiazi mpaka kikaisha.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Kuficha ndiko kubaya," alisema. "Ile ya kwanza ulikosea tu."

Alichukua kiazi kingine. Kwa muda hakuna aliyejua kama amesamehe. Kisha akasogeza kisu cha pili upande wa Philomena kwa mguu wake mrefu, akasema kama amekuja basi akate, viazi bado ni vingi. Mjukuu wangu alikaa chini. Vipande vyake vilikuwa vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine, na Limbu akamwambia michembe hiyo italiwa na popo.

Justina alimpigia kaka yake simu pale pale. Mama Jabiri aliomba aongee naye, akaongea kwa heshima na kwa kirefu, akasema mtoto hakuharibu kitu, ndiye pekee aliyetazama vizuri. Tulisubiri. Justina alipokata simu alisema baba yake Limbu anataka kufikiri. Ijumaa akapiga kwamba mtoto abaki. Begi likajazwa tena.

Jumamosi waliyorudi wote, Philomena alifika mapema kama kawaida yake, lakini hakukaa kwa Dume. Alipiga magoti na brashi na maji ya sabuni, akasugua saruji pale kwenye soketi mpaka magoti yakawa mekundu. Dume alikuwa ameketi juu ya matofali mawili, hana nguo, ubavu wake umesafishwa, na Mama Jabiri ameweka wavu mwembamba dirishani. Kifuniko nilikirudisha nyumbani. Mto anaulalia paka.

Kabla hawajaanza, Mama Jabiri alitoa amri kwamba kompyuta zizunguke kila wiki. Philomena akaangukia Kikongwe. Raundi ya kwanza alipigwa wa kwanza, akalalamika kwamba picha inaruka, huwezi kulenga kitu. Wenzake walimtazama tu. Miezi yote Limbu alicheza hapo na hakuwahi kulalamika. Kwa Dume, Limbu alilimiminia dari risasi kwa mazoea, kisha akatoka nyuma ya mapipa kwa mara ya kwanza, akampata Zamda, akapigwa na Jabiri mlangoni. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Walipomaliza saa yao niliwakalisha kidogo, nikawaambia neno moja kabla hawajatawanyika. Kumshuku mtu si dhambi, macho ni ya kuangalia. Lakini ukimshuku mwenzako, tafuta pia kitakachomwokoa, kwa bidii ile ile unayotafuta kitakachomfunga. Philomena alitafuta unga, hakuitafuta taa, na taa ilikuwa mbele ya macho yake. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Ukingoja, mwenzako anafungasha nguo.

Waliitikia, wakasimama kwenda zao. Saruji ilikuwa safi, ila unga kidogo ulibaki kwenye ufa karibu na soketi, haukutoka kwa brashi. Bado upo. Kila Limbu anapokaa upande ule, ndala yake hutua juu ya ufa huo, na hakuna anayeitazama tena.